Mhuri wa Tatu

Mwanangu wa kwanza aliishi siku hamsini na tatu. Kwenye madaftari ya serikali aliendelea kuishi, na kwa jinsi niwajuavyo makarani, yumkini angali hai mpaka leo.

Siwadharau makarani. Mume wangu alikuwa mmoja wao, karani wa bandarini Kilindini, mtu wa kalamu mbili mfukoni na kitambaa cha kupangusia viatu. Uhuru ulikuwa na mwaka na kitu, naye alikuwa na imani na karatasi kama watu wengine walivyo na imani na hirizi. Ndiye aliyeshikilia nikajifungue hospitali, si nyumbani kwa mkunga kama tulivyozaliwa yeye na mimi na kila tuliyemjua pale mtaani kwetu Kuze. "Nti ni yetu sasa," alikuwa akisema, "lazima tuandikwe." Mtoto hajatimiza siku saba, cheti cha kuzaliwa kilikuwa tayari ndani ya bahasha. Hajatimiza arubaini, kadi ya kliniki nayo ilikuwapo, ya karatasi ngumu rangi ya machungwa, na jina ameliandika mume wangu kwa hati yake mwenyewe kwa kuwa hakumwamini karani mwenzake.

Kisha ikaja homa. Ilimshika Jumatatu, na Jumatano kabla ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Mtoto mchanga hana makubwa, maji kidogo, sanda ya kipande, na wanaume wachache wa kumpeleka. Cheti cha kuzaliwa hukimbiliwa, lakini cha kufa nani akikimbilie? Mume wangu alisema atakwenda kuandikisha wiki ijayo. Wiki hiyo haikuja, na mimi sikumkumbusha. Niliitia kadi ndani ya sanduku langu, chini ya leso ambazo sikuwa na hamu ya kuzivaa.

Nyumba ilikuwa ya mavyaa, yaani mama wa mume wangu. Sisi tulikaa juu. Chumba cha chini, karibu na mlango wa uani, alikipangisha kwa Mshihiri mmoja na mkewe. Bwana huyo alikuwa mchoma mkate wa mofa katika tanuri la jamaa yake, mitaa miwili kutoka kwetu, na kwa kubandika mikate ndani ya moto kila siku, mikono yake haikuwa na unywele hata mmoja mpaka kwenye viwiko. Mkewe alikuwa rika langu. Alikuja kwa chombo kutoka kwao Arabuni, akashushwa pwani isiyo na afisa wala mhuri, na tangu siku hiyo hakuwa na pasi wala kipande wala karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba yupo duniani. Mumewe naye alikuwa nazo za zamani, zilizokwisha muda wake. Enzi za Mwingereza hayo yalipita. Baada ya uhuru watu walianza kuulizana karatasi, na Mshihiri wetu akawa akiona kaki ya polisi tu mwanzo wa kichochoro hupita mwisho wa pili.

Kiswahili mke wake alifundishwa na mavyaa, na hapo palikuwa na kichekesho, maana mavyaa alikuwa amepita sabini. Msichana wa miaka ishirini alizungumza kama bibi kizee, kwa maneno ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeyaacha. Tulikuwa tukimtania, naye akicheka zaidi yetu.

Alijifungua mwanamume hapo hapo chumbani kwake, wiki tatu baada yangu mimi. Hawakwenda popote kumwandikisha. Baba angekwenda angeulizwa pasi, na akiulizwa pasi angeulizwa na mke. Basi mtoto alizaliwa Kuze, kilio chake tukakisikia sote, lakini kwa serikali hakuzaliwa.

Mwanangu alipokufa, yule wa chini alikuwa na mwezi mmoja. Mamake alishikwa na homa ya uzazi na maziwa yakamkauka, na mimi yangu yalikuwa yakitoka bila ya mwenyewe kuyataka, yakinirowesha nguo mbele ya wageni wa matanga. Siku ya kumi mavyaa alipanda ngazi na mtoto yule mikononi. Hakuniomba. Alimweka mapajani mwangu akasema, "Huyu ana ndaa, na wewe una maziwa. Mngu hakosei hesabu." Nilitaka kumtukana. Mtoto akanishika ziwa kabla sijapata neno.

Mavyaa alihesabu mwenyewe mara tano za kushiba, kama sheria inavyotaka, halafu akatangaza mtaa mzima kwamba huyu sasa ni mwanangu wa ziwa, na watoto nitakaowazaa ni ndugu zake, wasije wakaoana watu wakapata madhambi. Nilimnyonyesha miezi saba. Nasema kweli, ndiye aliyeniponya, ingawa kuna siku nilimchukia kwa kuniponya.

Mtoto alipofika miezi minane hivi, ikavuma habari ya ugonjwa wa kupooza. Palikuwa na watoto wawili upande wa Tudor, na mmoja karibu na kwetu, mjukuu wa mshona kofia, ambaye alilala mzima akaamka mguu hausikii. Kliniki ya watoto ikaanza kutoa dawa ya matone, mara tatu, kila baada ya wiki kadhaa. Daktari wa kulipwa ungeweza kumwendea kwa kikohozi na kwa kuhara, haulizi kitu, lakini matone hayo hakuwa nayo. Yalikuwa kliniki tu, na kliniki walitaka kadi, na kadi ilitaka cheti.

Mke wa Mshihiri alipanda juu akakaa kwenye mkeka, akauzungusha uzi wa leso yake kidoleni, akashuka bila ya kusema neno. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mavyaa akachoka.

"Kadi iko ndani ya sanduku," aliniambia, "na mtoto yuko tini. Wangojani?"

"Kadi ina jina la mwanangu."

"Na huyu ni nani wako? Mara tano hazikutosha?"

Basi nikaitoa. Sisemi nilitoa kwa moyo mkunjufu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo wangu wakati huo ulikuwa na vumbi. Lakini niliitoa, na mara ya kwanza nilimpeleka mimi mwenyewe, kwa kuwa jina langu lilikuwa kwenye kadi na mamake aliogopa hata kivuli cha jengo la serikali. Mume wangu hatukumwambia.

Siku hiyo naikumbuka kwa raha, na raha hiyo ndiyo inayoniaibisha. Nilikaa kwenye benchi na mtoto mapajani kama wanawake wengine. Nesi akaita jina, nikasimama, nikasema, "Labeka." Alimpima uzito akasema mdogo kidogo kwa umri wake ila ana nguvu. Akamtia matone mdomoni, akapiga mhuri. Kisha akaenda nyuma ya mtoto akamwita kwa jina la kwenye kadi, mara moja, mara mbili. Mtoto hakugeuka. Kwa nini ageuke? Hilo halikuwa jina lake. Nesi akakunja uso akauliza kama mtoto anasikia vizuri. Nikasema anasikia sana, ni mkaidi tu, amemfuata baba yake. Akaandika kitu pembezoni mwa kadi, akasema mara ijayo ataangalia tena.

Niliporudi niliwasimulia kwa vichekesho, jinsi nesi alivyoita na kuita na mtoto ametulia kama mzee aliyeulizwa umri. Mavyaa alicheka mpaka akashika ubavu. Mama wa mtoto hakucheka. Yeye alisikia jambo moja tu, kwamba mara ijayo wataangalia tena.

Kumbe wakaanza kumfundisha. Yeye na mumewe, kila siku, mlango umefungwa. Walimwita kwa jina la mwanangu wakimpa kipande cha mkate akigeuka. Mimi sikujua.

Mara ya pili tulikwenda wote wawili, yeye kajifunika buibui mpaka macho, mimi nikiwa mbele. Zamu yetu ilipofika mimi nilikuwa nimetoka kwenda kunywa maji. Nikamsikia nesi akiita jina la mwanangu, na kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti nyingine ikijibu. "Labeka," alisema mke wa Mshihiri, kwa ile sauti ya kizee aliyofunzwa. Akapiga hatua mbele. Nesi akamzunguka mtoto akamwita, na mtoto akageuka upesi, akacheka, akanyoosha mkono kutaka mkate.

"Alhamdulillahi," mamake alisema. "Asikia."

Mhuri wa pili ukapigwa. Nilisimama pale na kikombe cha maji mkononi na nilihisi kama nimeibiwa mbele ya watu na watu wanapiga makofi. Njiani kadi aliishika yeye. Yeye alikuwa na furaha, akawa anaongea, na kila baada ya hatua chache humwita mtoto kwa jina lile ili anionyeshe namna anavyogeuka. Alidhani nami nitafurahi. Ningekuwa mtu mwema kuliko nilivyo, ningefurahi.

Ningemwambia siku ile ile, "Ndugu yangu, nyumbani msimwite hivyo, roho yangu inaniuma," lingekwisha. Angeliona aibu, angelia, tungelia pamoja. Lakini mimi ni mtu wa kunyamaza mpaka nichemke, tabia niliyoirithi kwa mama yangu, na yeye aliirithi kwa mama yake, na sote tumeungua nayo.

Nilinyamaza siku kumi na kitu. Alasiri moja nilikuwa juu nachagua mchele, sinia liko mapajani, na dirisha la uani liko wazi. Nikasikia kutoka chini jina la mwanangu likiitwa kwa kuimba. Nikasikia mtoto akicheka kuitika. Likaitwa tena. Baba mtu naye alikuwa amerudi kutoka kwenye tanuri, akaliita kwa sauti nzito, na mtoto akacheka zaidi. Jina lile ndani ya nyumba hiyo nilikuwa sijalisikia tangu Jumatano ile. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalitamka.

Nilishuka miguu mitupu, mchele umemwagika nyuma yangu.

"Nipe kadi."

Aliniangalia, akamwangalia mumewe. Mumewe akatazama ukuta. Akaenda kuitoa chini ya mto, akaipangusa kwa leso kabla ya kunipa, kama mtu arudishaye sahani ya jirani.

"Dada," alisema, "imesaliya moja."

"Kwenu imesalia moja," nikamwambia. "Kwangu haikusalia hata hiyo. Mwiteni mwanenu jina lake."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyageuza mara nyingi nitafute upande ulio laini, sijauona.

Mume wangu aliporudi nilimweleza habari nzima, ila sababu nilimpa nyingine. Nilisema nimeitwaa kadi kwa kuhofia kazi yake. Alikaa kitako, uso umemparama. Kutumia karatasi ya serikali kwa jina la maiti! Angefukuzwa, angefungwa. "Umefanya vyema," alisema, "umefanya vyema sana kuitwaa." Na mara moja nikawa na sababu ya mtu mwenye akili. Nilijifunika nayo. Nilimwambia kila aliyeuliza kwamba ni kazi ya mume wangu, na watu walitikisa vichwa wakakubali, kwa sababu kazi ya bandarini ilikuwa kitu cha kuheshimiwa.

Mavyaa peke yake hakutikisa kichwa. Alikuwa akitia vidole vyake hina, akasema bila ya kuninyanyulia macho, "Kazi ya mwanangu haikukushughulisha mara mbili za mwanzo."

Siku ya matone ya tatu ilikuwa katika mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Asubuhi nilichungulia dirishani nikamwona mke wa Mshihiri amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake, buibui kalivaa, mtoto kamvisha shati jeupe la sikukuu na kumpaka wanja. Hakupanda juu kuniomba. Alikaa tu, akimpepea mtoto kwa pembe ya leso, na kila nikichungulia yuko. Kliniki ilikuwa ikifunga adhuhuri. Nilikuwa nimeiweka kadi kitandani, mbele yangu, nimeshaitoa sandukuni. Naapa niliitoa. Nikasema ataanza yeye kupanda, nitampa. Yeye bila shaka alisema ataanza yule kuniita, nitapanda. Tukashindana hivyo, mimi na mwanamke asiye na kitu, mpaka adhana ya adhuhuri. Alipoisikia alisimama akavua buibui, akamvua mtoto shati jeupe, akalikunja.

Nikajiambia mbili si kama sufuri. Nikajiambia wangapi hawakupata hata moja na wazima. Yote hayo ni kweli.

Mfungo nne mtoto alishikwa na homa. Alikuwa na umri wa mwaka na kidogo, ameanza kusimama kwa kushika ukuta wa ukumbi. Kwa siku mbili walimficha chumbani, wakimkanda kwa maji na kumsomea, kwa hofu ile ile ya siku zote. Siku ya tatu asubuhi mamake alipanda ngazi mbio, buibui halikufungwa.

"Dada, mguu. Hausimami. Ulegeye kama wa mwanasesere."

Sikungoja kuombwa. Nilitoa kadi sandukuni, nikamchukua mtoto, tukatoka sote wawili. Hospitali nilipita mbele na kadi yangu na jina langu, na yeye alinifuata nyuma, kwa kuwa njiani tulikuwa tumepatana kwamba yeye ni yaya. Ni mimi niliyelitoa wazo hilo. Niliona ndiyo salama.

Nesi wa zamu alimkagua mtoto, akaugusa mguu, akaubonyeza, akauachia ukaanguka. Akachukua kadi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa bara la karibu na kwetu, mpole wa uso. Aliona mhuri wa kwanza na wa pili, akaweka kidole mahali pa tatu palipo patupu.

"Mara ya tatu hamkuja, mama. Kwa nini?"

Aliniuliza mimi. Mama kwenye kadi ni mimi.

"Nilikuwa na udhuru," nikasema.

"Udhuru gani?"

Nyuma yangu mama wa mtoto alikuwa amesimama na chupa ya maji na leso ya kubadilishia. Angeweza kusema neno moja. Angeweza hata kulia kwa sauti, ningestahiki. Hakusema. Alikuwa ameinamisha kichwa kama yaya hasa, na mimi nikasubiri ashuhudie, naye akanihifadhi.

"Mama gani wewe?" nesi alisema, si kwa ukali, kwa kusikitika tu. "Unaleta mara mbili, ya tatu unakaa nyumbani?"

Watu wote kwenye benchi waligeuka kunitazama. Hilo peke yake ndilo lililonipata katika habari hii yote, kutazamwa na watu wa benchi. La mguu lilimpata mtu mwingine.

Walimlaza wiki kadhaa kwa jina la mwanangu. Roho yake ilipona. Mguu wa kushoto haukurudi. Ulibaki mwembamba, baridi hata wakati wa joto, na mamake aliufunga kwa kitambaa cha sufu kama kwamba umelala tu utaamka. Miaka mingi baadaye nilimsimulia daktari mmoja kisa hiki, nikisema ni cha mtu mwingine, akaniambia huenda hata matone ya tatu yasingemkinga, dawa ina bahati yake. Nilimshukuru. Sikumwamini, na hata kama ni kweli, hakunitoa pale dirishani.

Majuto ni mjukuu, husema watu, yaani huja nyuma sana. Yangu hayakungoja kuwa mjukuu. Yalikuwa yakitambaa ukumbi wa chini, yakiburuta mguu.

Na mtoto mwenyewe alinipenda, hapo ndipo paliponichoma zaidi. Mamake alimwita mama, na mimi akaniita mama wa juu. Nilipata binti mwaka uliofuata, na kwa vile walikuwa ndugu wa ziwa hapakuwa na pazia baina yao, yule mvulana akawa anashinda kwetu. Kupanda alipanda kwa mikono. Kushuka alikaa kitako akajiteremsha daraja moja moja, na kila daraja lilitoa sauti yake. Kutwa niliisikia sauti hiyo. Mume wangu alimletea kijigari cha mbao alichotengeneza seremala wa bandarini, akasema masikini mtoto, hivi ni ugonjwa gani huu wa kuchagua miguu ya watu. Mume wangu alikuwa mtu mwema, na kwa hiyo nilimchukia siku nzima.

Hatukuzungumza juu ya kadi, mimi na mke wa Mshihiri. Tuliazimana ungo, tulipelekeana vyakula, tulishonana nguo za idi. Nilimpa kuliko alivyohitaji. Kila nilichompa kilikuwa badala ya maneno, naye akipokea, akisema, "Mngu akuzidishie," na mimi nikipanda ngazi na deni lile lile.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu hivi walipoamua kurudi kwao. Habari za karatasi zilikuwa zimekaza. Kila mgeni alitakiwa aonyeshe ruhusa yake, na jamaa mwenye tanuri alimwambia bwana huyo, kwa adabu, kwamba hawezi tena kumweka. Akukataaye hakwambii toka. Walipata nafasi katika chombo kinachorudi, wakauza godoro, na kwa siku mbili nikawa nasikia chini sauti ya vitu vinavyofungwa.

Kwetu mtu hasafiri bila ya kutaka radhi. Huzunguka kwa jirani mmoja mmoja akasema nimekukosa kwa kujua na kwa kutojua, nisamehe, na yule hujibu nimekusamehe, na mimi nisamehe. Ni maneno yanayosemwa upesi, hata baina ya watu ambao hawajakosana kitu. Bahari ni bahari, na hakuna atakaye kusafiri na haki ya mtu, wala kubaki nayo.

Mke wa Mshihiri alipanda juu asubuhi ya safari, na sahani ya mkate wa mofa uliofunikwa kwa kitambaa, mtoto akimfuata kwa mikono. Kwanza alikwenda kwa mavyaa, wakakumbatiana, mavyaa akalia wazi wazi kwa sauti kama mtoto. Kisha akaja kwangu. Nilidhani atasema yale maneno ya kawaida.

"Dada," alisema, "nimekuya nitake radhi, na langu nalitaja. Lile ina la mwanao, tulilichezea. Tulikuwa na hofu, hatukukumbuka kwamba lina mwenyewe. Siku ile ulipoteremka na uso ule, ndipo nilipojua. Ulikuwa na haki. Nisamehe."

Basi alijua. Tangu siku ya mchele alijua si kazi ya mume wangu. Miaka miwili nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango usiokuwapo, naye ananitazama, na ananihifadhi.

"Nimekusamehe," nikasema. "Duniani na akhera."

Akamvuta mtoto mbele. "Mwambie mamako akuhalalishie maziwa yake."

Mtoto akanishika goti ili asianguke. "Mama wa juu," alisema, "nihalalishie maziwa."

"Halali yako," nikamwambia. "Halali yako yote, mwanangu."

Sasa ilikuwa zamu yangu. Kila mtu wa pwani aijua zamu hiyo, hata mtoto wa madrasa. Na mimi nisamehe. Lakini yeye alikuwa ameshalitaja lake, na mimi nisingeweza kusema langu juu juu. Ningelazimika kusema kadi ilikuwa kitandani. Ningelazimika kusema nilikuona kizingitini tangu asubuhi, nilimwona na shati jeupe, nikangoja upande wewe. Yote yalikuwa mdomoni.

Alisimama pale juu ya ngazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amemshika mtoto mkono, kichwa amekiinamisha kidogo, kama alivyosimama siku ile hospitali. Hakuwa na haraka, ingawa mumewe alikuwa akimwita kutoka mlangoni.

Nikamwambia waangalie wanaposhuka, daraja la chini limelegea.